Nesi wa Siku ya Josho

Katika miaka yote niliyokuwa katibu wa kamati ya zahanati yetu, sikumbuki kikao hata kimoja ambacho Nesi alikaa mpaka mwisho. Kiti chake kilikuwa kile cha karibu na dirisha, na juu yake aliweka mkoba. Yeye alisimama. Mwenyekiti akianza kusoma ajenda ya pili, Nesi ameshatoka kwenda kuangalia friji ya chanjo. Wakifika ya nne, amerudi, amepitwa na ya tatu, na anataka irudiwe.

"Mama, kaa basi," mwenyekiti alimwambia siku moja. "Unatuchosha macho."

"Nikikaa nitasinzia. Nikisinzia mtapitisha mambo."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuja huku kutoka Muleba, nikapewa ukatibu kwa sababu ya mwandiko. Nesi alizaliwa mwaka gani na ukoo wake ni upi, nawaachia wengine. Huku hawakosekani watu wa kueleza hayo tangu babu wa saba. Mimi nilimjua kama Nesi. Kijiji kizima kilimwita hivyo, hata mumewe, hata padri.

Zahanati iko upande wa Kimuli, wilayani Kyerwa, pale migomba inapokoma na nyika inapoanza. Kwenye migomba wanakaa wakulima, watu wa kahawa na maharage, ambao hutufikia kwa miguu na kurudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Kwenye nyika wanakaa wafugaji. Baadhi wamejenga, baadhi wanafuata maji, na kutoka boma moja hadi jingine unaweza kutembea mpaka ukasahau ulikuwa unakwenda kwa nani. Jengo ni moja kwa wote hao. Nesi alikuwa na msemo: "Zahanati ni jengo. Huduma ni mguu." Aliwaambia hivyo wageni kutoka wilayani, akaniambia mimi, akamwambia na fundi aliyekuja kupaka rangi.

Mguu wenyewe unaitwa huduma ya mkoba. Mara moja kwa mwezi nesi hubeba kisanduku chenye barafu na chanjo, mizani ya kupimia watoto na daftari, akawafuata wasioweza kumfuata. Alikuwa na vituo vitatu vya namna hiyo. Viwili havikumpa shida. Cha tatu, cha nyikani, ndicho alichokipigania muda wote niliomjua, kwa sababu kila mwaka alitokea mtu wa kuuliza kama kina maana. Kilikuwa mbali, kilikula mafuta ya pikipiki, na watoto waliofika walikuwa wachache.

Mwanzoni alikiweka kwenye kigango, akidhani watu wakiisha kusali watapitisha watoto. Wafugaji wale ni Wakristo wazuri, lakini husali kwa zamu, kwa maana ng'ombe hawana Jumapili. Alifika na chanjo, akakuta wazee na makatekista. Siku moja ya Alhamisi, akirudi kutoka kwenye kuzalisha, alikutana njiani na kundi la ng'ombe, nyuma yake jingine, na nyuma ya hilo jingine tena. Alijibana kwenye kichaka mpaka wakapita. Wote walikuwa wanakwenda joshoni, kwenye lile bwawa jembamba la saruji lenye dawa ya kupe, ambako kila Alhamisi mifugo ya nyika nzima huogeshwa.

Kikao kilichofuata alisema: "Ng'ombe wana siku yao. Watoto hawana. Naomba kamati iniruhusu niwafuate ng'ombe."

Tulicheka. Niliandika kwenye muhtasari kwamba wajumbe walifurahi. Lakini ilikuwa kweli, na ikawa hivyo: Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi alitundika mizani kwenye boriti ya kibanda cha bwana mifugo, hatua chache kutoka josho, na akina mama wakaanza kufuatana na waume zao.

Watu wa mbali hawakujua kwamba aliogopa ng'ombe. Si kidogo. Alifika joshoni kabla ya makundi, akaingia kibandani, na hakutoka mpaka ya mwisho yamekwisha kuondoka. Bwana mifugo, kijana wa Karagwe aliyependa utani, hakumwacha.

"Nesi, huogopi damu, unaogopa ndama?"

"Damu haina pembe, mwanangu."

"Njoo basi umshike huyu, mpole kabisa."

"Mpole kwako. Mimi hanijui. Mwambie apite kule, nina kazi."

Na kazi aliifanya akiwa na jicho moja mlangoni. Nilimsindikiza mara kadhaa nikiwa likizo, nikamwona akichoma sindano kwa mkono usiotetemeka huku miguu yake ikiwa tayari kukimbia.

Alikuwa mkali kuhusu kadi. Mama asiye na kadi ya mtoto alirudishwa nyumbani kuitafuta, hata kama nyumbani ni mbali, halafu alipokwisha kuondoka Nesi alianza kuhangaika kama atarudi, akatuma mtu amkimbilie, na mama akirejea alichanjiwa mtoto bila kadi huku akigombezwa kwa kuisahau. Mzee mmoja alileta karatasi aliyoambiwa na mkewe aichukue kwenye paa. Nesi aliisoma taratibu mbele ya watu.

"Mzee, mwanao huyu amechanjwa kimeta. Anatoa maziwa kiasi gani?"

Watu walicheka mpaka mzee mwenyewe akakalia ndoo. Alikuwa ameleta cheti cha ng'ombe.

Sheria ilimkataza kupokea zawadi kwa mgonjwa. Aliwahubiria hilo wahudumu wenzake kama katekista. Lakini samli ya wafugaji aliipokea, akaificha kwenye chupa iliyowahi kuwa na dawa ya kikohozi, na kila jioni alijipaka magoti. Nilimuuliza. Aliniambia samli si zawadi, ni usafiri.

Magoti yale hakuyapeleka popote. Yeye aliyemwandikia kila mtu rufaa hakujiandikia hata moja. Nilipomsihi aende hospitali alisema: "Ninyi Walutheri mnaimba vizuri lakini hamtembei. Mtajuaje magoti?"

Wakubwa walipokuja walipenda kusema kwamba huduma kwa watoto na wajawazito ni bure. Ni kweli, na Nesi hakuwahi kumtoza mtu. Lakini mama mmoja wa nyikani, aliyekuja na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, alimjibu mgeni mmoja kwa heshima kabisa: "Waitu, mgeni wetu, dawa ni bure. Njia ndiyo ghali." Mgeni alitikisa kichwa, akaandika. Sijui aliandika nini. Mimi niliandika kwamba mama huyo alikuwa ametoka nyumbani alfajiri, kwamba siku nzima hakukama wala hakupika, na kwamba mumewe alimruhusu kwa sababu tu ilikuwa siku ya josho. Nilidhani mtu akisoma ataona. Mihtasari yetu iko kabatini hadi leo.

Sasa nieleze kosa lake, kwa kuwa alilieleza yeye mwenyewe kwa kila nesi mpya aliyeletwa kwetu, na sioni sababu ya mimi kulificha.

Chanjo huagizwa kwa idadi. Wilaya inataka kujua eneo lina watoto wangapi, ilete dozi ngapi. Wakulima hawakuwa na tatizo. Joshoni, alipouliza, alijibiwa neno moja.

"Una watoto wangapi, mama?"

"Wapo."

"Wangapi?"

"Wapo tu, Nesi."

Huku hakuna mfugaji anayehesabu ng'ombe wake kwa kidole, na watoto ni vivyo hivyo. Ukitaja idadi kwa sauti umeionyesha njia ya kupungua. Hata bibi yangu kule Muleba alituita "hawa" na hakuwahi kusema tulikuwa wangapi. Nesi alikuwa mzaliwa wa Songambele, hapahapa wilayani. Alilijua jambo hili tangu utotoni. Lakini barua ya wilaya ilikuwa mezani wiki ya tatu, nayo ilitaka namba. Alhamisi ile aliwapanga watoto mstari mmoja kandokando ya ukuta wa josho, akapita mbele yao akiwanyooshea kalamu, moja, mbili, tatu, kwa sauti, kama mimi ninavyofanya paredi shuleni.

Hakufika mwisho. Bibi mmoja mrefu, aliyekuwa na wajukuu kwenye mstari, alitoka mbele, akawafunika kwa kanga yake, akaondoka nao. Mama mmoja akamfuata. Halafu wote. Bwana mifugo aliniambia kwamba hata wanaume waliharakisha ng'ombe.

"Nilidhani sare inanisamehe," Nesi alisema.

Mwezi uliofuata hakuja mtoto hata mmoja. Mwezi wa pili vilevile. Mvua zikaanza, na kwenye mvua zile surua ikaingia nyikani. Walioletwa kwetu walipona. Wajukuu wa yule bibi hawakuletwa mapema, na mmoja wao, msichana ambaye alikuwa hajaanza shule, alizikwa.

Nesi alikwenda msibani. Alikwenda kwa miguu, akapita katikati ya ng'ombe. Hakuomba msamaha kwa maneno. Alikaa chini na wanawake siku mbili, akachota maji. Siku ya tatu bibi alimpa maziwa kwenye kibuyu, akamuuliza swali ambalo Nesi alinisimulia neno kwa neno.

"Ulikuwa unataka nini kwa wajukuu wangu?"

"Nilitaka kujua nilete dawa kiasi gani, bibi."

"Si ungeuliza majina? Jina halipungui."

Tangu hapo daftari la josho halikuwa na namba. Lilikuwa na majina: la mtoto, la mama, la mahali. Aliita mmoja mmoja, na mtoto aliyeitwa alisogea. Jioni akiwa nyumbani, mlango umefungwa, alihesabu mistari na kuandika jumla kwenye fomu ya wilaya. Dozi zikaanza kutosha.

Kuna kipindi afisa mmoja alitumwa kukikagua kituo, kwa kuwa ripoti ilionyesha kwamba kinapoteza chanjo. Chupa ya chanjo ya surua ni ya watoto kumi, na ukishaifungua ina saa chache tu. Mtoto akija mmoja, ama umfungulie chupa nzima na kumwaga iliyobaki, ama umwambie mama arudi mwezi ujao. Nesi alifungua. Afisa alikuta chupa nne za namna hiyo kwenye daftari.

"Hii ni hasara, mama."

"Ndiyo, afande." Aliwaita maafisa wote afande, sijui kwa nini.

"Kwa nini usiwaambie warudi wakiwa wengi?"

"Kilichomwagika ni dawa. Aliyerudi bila chanjo ni mtoto. Andika hasara ni ipi, mimi nitatia sahihi."

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta, akasema yeye pia ana watu juu yake. Halafu akataka kujua watoto waliopo pale ni wangapi hasa, na akainua kidole. Nesi alimshika mkono ukiwa bado hewani. Akampa daftari.

"Hesabu haya majina, afande. Ila kimoyomoyo."

Afisa alisimama kwenye jua, midomo ikimchezacheza, wafugaji wote wakimtazama. Alipomaliza alifunga daftari, akaondoka. Kituo kilibaki.

Alistaafu miaka michache baadaye, magoti yakiwa yamekwisha kabisa, akahamia Igurwa, wilayani Karagwe, kwa binti yake. Nafasi yake ilichukuliwa na nesi kijana, binti mpole na mwerevu, na kwa muda mambo yalikwenda.

Halafu ukaja mwaka huu. Fedha za zahanati zilipofika hazikutosha kwa yote tuliyopanga, na tukaambiwa tuchague wenyewe. Mambo makubwa yalikuwa mawili: tangi la maji la chumba cha kujifungulia, na mafuta ya pikipiki ya huduma ya mkoba. Akina mama walikuwa wanakuja kujifungua na ndugu zao wamebeba ndoo vichwani. Mwaka jana mmoja wao alijifungua wakati ndugu yake bado yuko kisimani. Kikao hakikubishana. Vituo viwili vya karibu vingefikiwa kwa miguu, cha josho kingesimama "kwa muda." Niliandika maneno hayo, tukafunga kwa sala.

Sikulala vizuri wiki ile. Jumamosi niliwasha pikipiki nikaenda Igurwa, nikijiambia kwamba ni afadhali alisikie kwangu.

Nilimkuta kwenye migomba, akitembea kwa fimbo, akikata majani makavu kwa mkono mwingine.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja na sura ya barua. Sema."

Nikasema. Nilieleza tangi, ndoo, yule mama aliyejifungua. Alisikiliza akiendelea kukata.

"Nani alipinga?"

"Hakuna."

"Na wewe?"

"Mimi niliandika muhtasari."

"Sikukuuliza uliandika nini."

"Sikupinga, Nesi."

Alisogea kwenye mgomba mwingine, nami nikamfuata. Aliuinamia, akang'oa chipukizi, akaliangalia mizizi, akalitupa.

"Tangi ni sawa," alisema. "Mwanamke hawezi kuzaa bila maji. Ningekuwepo ningenyoosha mkono kama ninyi."

Nilianza kupumua. Nilikuwa nimekuja kutafuta neno hilo, ingawa njia nzima nilijiambia sivyo.

"Halafu Alhamisi ningekwenda," akasema.

"Kwa mafuta gani?"

"Hilo ndilo mlilopaswa kuulizana kabla ya sala."

Binti yake aliniletea punje za kahawa ya kutafuna kwenye kisahani. Nesi hakuchukua. Aliuliza kama nesi mpya yuko tayari kwenda joshoni. Nikasema yuko tayari, hana usafiri tu. Aliuliza kama chanjo zipo. Nikasema zipo, friji imejaa. Aliuliza habari za bwana mifugo, nikasema bado yupo na bado ana utani. Kisha akageuka, akaitazama pikipiki yangu niliyoiegemeza ukutani, kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa akimtazama mtoto aliyeletwa na homa.

"Hiyo imekuleta kutoka Kimuli?"

"Ndiyo."

"Haikukusumbua njiani?"

"Hapana."

"Alhamisi una vipindi vingapi?"

Nilimweleza kuhusu darasa la saba na mtihani wao, kuhusu mwalimu mkuu, na kwamba pikipiki ni ya kwangu binafsi na ile ni kazi ya serikali, na kwamba tukianza hivi hakuna atakayeona tena haja ya kutuletea mafuta. Hili la mwisho bado naliamini. Nilipokwisha kusema, alikuwa bado anangoja jibu la swali lake.

"Viwili," nikasema.

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Josho halianzi mapema," alisema, akarudi kwenye majani yake.

Njiani kurudi nilimkasirikia. Mtu asiye na cheo wala mshahara amenipangia kazi, nami sikupata hata nafasi ya kukataa. Kisha nikajikasirikia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimebadilisha vipindi na mwenzangu kichwani kabla sijafika barabara kuu.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Tangu wakati huo nimemwandikia mwenyekiti barua, nikiomba kikao cha dharura kuhusu mafuta ya mkoba, na nimeomba barua yangu iingizwe kwenye kumbukumbu pamoja na neno "napinga." Bado hajajibu. Mke wangu ananiuliza nitampeleka nesi joshoni miezi mingapi. Sijui kama ninaziba pengo au ninawasaidia watu wasilione.

Leo ni Jumatano. Nesi kijana amenipigia simu mara mbili kuuliza kama kweli nitapita. Mara ya pili nilimwambia afungashe barafu, kesho nitakuwa mlangoni saa nne.